Kesi imeisha, mtoto ni wao, sasa mbona bado wapo Mwanga?

Kuna begi jekundu la safari lipo mlangoni kwa mpangaji wangu tangu mwezi wa tatu. Kila anayepita uani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, analiona, na kila anayeliona ana maelezo yake. Mama wa genge anasema mume kamkimbia, kamwachia mtoto wa watu akapanda ndege zake. Kijana wa bodaboda anasema wapi, hela hazijatimia, wanasubiri wamalizie kulipa. Na juzi mzee mmoja wa mtaani, mtu wa heshima zake kabisa, akaniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hivi una uhakika hawa si watu wa figo?" Nikacheka, halafu nikakaa nikaona hapana hili si la kucheka, maana kama yule mzee anawaza mtoto anaibwa akatolewe figo basi nusu ya mtaa inawaza hivyo.

Wapangaji wenyewe ni mke na mume, Wamarekani, wapo Kigoma huu mwaka wa tano. Mume alikuwa na shirika linalohudumia makambi ya wakimbizi, mke anafundisha. Walipewa mtoto wa kike, sasa hivi ana miaka minne, wakamlea chini ya ustawi wa jamii, kesi ikaenda mahakamani, jaji akatoa amri, na kisheria yule binti ni wao kama wanangu walivyo wangu. Mkataba wa kazi wa mume ukaisha ikabidi arudi kwao akatafute riziki, mke kabaki na mtoto wanasubiri. Wanasubiri nini sasa? Ndio hilo naandika leo, maana nimelieleza getini mpaka mdomo umechoka, na nusu ya makaratasi yao nimeyashika kwa mikono yangu hii kwenye kuwasindikiza huku na huku. Mwenyewe kaniruhusu niandike ila majina hapana.

Tuanze na maneno kwanza, vurugu yote inaanzia hapo.

Huku kwetu kulea mtoto wa mwenzio ni jambo la kila siku. Ndugu yako kafariki Kasulu, unaenda msibani na kurudi na watoto wawili, hakuna jaji hakuna fomu, wanaingia kwenye sinia moja na wanao na maisha yanaenda. Huko ni kulea, mtoto anabaki na jina la baba yake na ukoo wake. Halafu kuna malezi ya kambo, hapa serikali kupitia afisa ustawi wa jamii ndio inakukabidhi mtoto ukae nae kwa muda, unatembelewa, unakaguliwa, na ndugu zake wakipatikana wenye uwezo wa kumlea anaweza kurudi kwao. Kuasili ni kitu kingine kabisa. Mahakama inakata uzi wa kisheria kati ya mtoto na waliomzaa, inafunga mpya kati yake na wewe, anabeba jina lako, anakurithi, na hakuna habari ya kusema nimeghairi mchukueni.

Kwa sisi Waislamu, na Ujiji na Kigoma mjini tupo wengi, kuna la ziada hapo: dini inatuhimiza mno kumlea yatima lakini nasaba haibadilishwi, mtoto anaendelea kuitwa kwa baba yake. Ndio maana wengi wetu tunalea bila kuasili, na hata Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa 1989 unaitaja kafala, yani kulea huko bila kubadili nasaba, kwa jina lake kama mojawapo ya njia za kumtunza mtoto asiye na kwao. Sasa mtu aliyekulia kwenye kulea kwa namna hiyo akimuona mzungu anahangaika miezi na miezi na mafaili kwa ajili ya mtoto mmoja, lazima aone kuna jambo limefichwa. Anachotafuta yule mama ni kitu ambacho sisi kwenye kulea kwetu hatujawahi kukihitaji, basi.

Mgeni hashuki tu kwenye treni akachagua mtoto kama anachagua samaki wa migebuka kule Kibirizi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka awe ameishi Tanzania miaka 3 mfululizo, awe amemlea huyo mtoto kwanza kwa malezi ya kambo macho ya afisa ustawi yakiwa juu yake, asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingine, na aithibitishie mahakama kwamba nchi yake itaitambua hiyo amri na kumpa mtoto haki ya kuishi huko. Juu ya hayo ionekane hapa nyumbani haikupatikana familia au namna nyingine nzuri ya kumtunza. Umri nao unaangaliwa, mwombaji awe na miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 angalau. Shauri la mgeni linasikilizwa Mahakama Kuu, ambayo zamani kwa sisi wa Kigoma ilimaanisha kwenda mpaka Tabora, siku hizi tunayo yetu. Kuna mtu anateuliwa na mahakama kazi yake ni kumsemea mtoto tu, hayuko upande wa waombaji, na jaji anatakiwa ajiridhishe kwamba hakuna malipo yaliyopita kwa yeyote kwa ajili ya kumtoa mtoto.

Kwahiyo ile ya "wanamalizia kulipa" tuiache. Najua inatoka wapi, watu wanasema mwenye hela anapita popote. Mkumbuke Madonna, yule mwanamuziki wa Marekani, na Malawi, na mtu mwenye hela kuliko yeye kwenye mambo haya sijui utampata wapi. Mtoto wa kwanza alimchukua 2006 kwa amri ya muda na kesi ikaja kuisha 2008. Wa pili, Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Malawi ikamkatalia kavu kavu, sababu hajaishi nchini muda wa kutosha, akakata rufaa na Juni mwaka huohuo rufaa ikampa. Mtu anaweza kubishana na hukumu ile ya rufaa, mimi mwenyewe sikuielewa sana, lakini hata kwake jaji wa kwanza alisema hapana na dunia nzima inatazama.

Haya, tuseme amri imetoka, jaji kasaini, mama kalia, mimi nimelia, tumekula pilau. Kesho yake si wapande ndege?

Hapa nitumie mfano wa kwetu. Kijana wa Buhigwe akioa Burundi, kwa wazazi wa binti, kwa shehe au padri, na mahari yote kamaliza, ndoa ile ni halali, hakuna wa kuipinga. Lakini akifika nae Manyovu pale mpakani afisa wa uhamiaji haulizi mahari mlitoa ngapi. Anauliza karatasi. Unaweza kuwa mume halali wa mtu na usiweze kuvuka nae, kwa sababu aliyefungisha ndoa na anayelinda mpaka ni watu wawili tofauti na hakuna anayemuamrisha mwenzake. Amri ya kuasili ni hivyohivyo. Jaji wa Kigoma amesema huyu ni mtoto wenu. Jaji wa Kigoma hana uwezo wa kumwambia mtu anayegonga mihuri uwanja wa ndege wa Washington kwamba mruhusu huyu apite.

Kwahiyo ni milango mitatu. Wa kwanza unauliza mtoto ni wa nani, huo ni wa mahakama. Wa pili unauliza je anaruhusiwa kutoka Tanzania, na wa tatu je anaruhusiwa kuingia huko anakokwenda kuishi. Watu wa mtaani kwangu wanaujua mmoja tu, ule wa jaji, ndio maana begi linawashangaza.

Mlango wa pili ni wa kwetu wenyewe. Amri ya mahakama inapelekwa RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kule kuna daftari maalumu la watoto walioasiliwa, mtoto anaandikwa humo na karatasi za kuzaliwa zinaendana na wazazi wapya. Ukishakuwa na hizo ndio unaenda Uhamiaji kuomba pasipoti, maana mtoto ana pasipoti yake, haandikwi kwenye ya mama yake, na bei ni shilingi 150,000. Ukisikia hivi unaona rahisi. Kwenye karatasi ni rahisi kweli.

Sasa nisimulie ya herufi H. Jina la kwanza la yule binti kadi ya kliniki iliandikwa bila H mwishoni, wanaolitamka wote wanalitamka sawa sawa, H ile haisikiki hata ukiweka sikio. Ripoti ya ustawi ikanakili kadi. Wakili yeye akaandika na H kwa sababu ndivyo alivyozoea kuliona kanisani, amri ya mahakama ikatoka na H. Tumefika ofisi moja na mafaili yetu, dada wa dirishani kayapanga mawili pembeni kwa pembeni, akaweka kidole kwenye moja akaweka kidole kwenye lingine, akasema mama hawa ni watoto wawili. Mama wa watu akamnyanyua binti akamkalisha juu ya kaunta pale, "Yuko mmoja, huyu hapa." Watu kwenye foleni wakacheka, dada nae akacheka, lakini hakupokea faili. Tumerudi kwa wakili, kiapo cha majina, muhuri, kurudi, aliyekuwepo jana leo kasafiri, njoo Jumatatu. Wiki tatu. Kwa herufi isiyosikika. Nilikuwa namlaumu yule dada moyoni lakini nikija kuangalia naona alikuwa sahihi, maana kosa lile lisingegundulika pale lingegundulika mbele zaidi ambako kulirekebisha kungekuwa kazi mara mbili. Kama unaasili mtoto, hata wa ndugu yako, siku ya kwanza kabisa weka kadi ya kliniki mezani na usome jina herufi kwa herufi kila karatasi inayotoka.

Mlango wa tatu ndio ulioshikilia begi.

Kuna mkataba wa kimataifa wa 1993, unaitwa wa Hague, unahusu kuasili watoto kutoka nchi moja kwenda nyingine. Kenya wamo, Burundi wamo, Rwanda wamo, Marekani wamo. Tanzania hatujajiunga. Tofauti yake kwa anayesubiri ni kubwa kuliko inavyosikika. Kwenye mfumo wa Hague nchi mbili zinakaa zinakagua kabla kesi haijaisha, yani nchi ya wazazi inasema mapema kabisa kwamba huyu mtoto tukimaliza tutampokea, ndio jaji anamalizia. Nje ya Hague, kama sisi, kwa kawaida kesi inaisha kwanza halafu ndio nchi ya wazazi inaanza kukagua. Ni kama kiwanja, kuna anayepima na kuulizia ardhi ndio ananunua, na kuna anayenunua kisha anaenda kupima. Wote wanaweza kuishia na kiwanja kizuri, ila wa pili usingizi wake ni tofauti, kishalipa kila kitu na bado hajui kama jiwe la mpaka litaangukia uani au kwa jirani.

Wamarekani wao wana sheria inayosema mtoto wa kutoka nchi kama yetu ataingia kama ni yatima. Na hapa neno lenyewe ni mtego. Kwa Kiswahili yatima ni aliyefiwa, tumemaliza. Kwao kwenye sheria ya uhamiaji neno hilo limechorewa mipaka: mtoto ambaye wazazi wote wamekufa, au wametoweka, au wamemtelekeza, au amebaki na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza ambaye amemuachia kwa maandishi moja kwa moja. Mtoto ambaye wazazi wake wote wapo hai na wanajulikana walipo, wamekubaliana tu kwa roho safi kumtoa kwa sababu ya dhiki, anaweza kuasiliwa vizuri kabisa na mahakama ya hapa na bado asitimize yatima wa kwao. Halafu fomu yake, I-600, inatakiwa ijazwe mtoto akiwa chini ya miaka 16, labda awe ana mdogo wake ameasiliwa na familia hiyohiyo ndio anaongezewa mpaka chini ya 18.

Nani anathibitisha kama ni yatima kweli? Ubalozi. Hawatosheki na amri ya jaji wetu, wanafanya uchunguzi wao: polisi walioandika ripoti ya mtoto kuokotwa, kituo alikolelewa, afisa ustawi, wakati mwingine majirani wa kijijini. Ndio maana kuna siku mwenyekiti wa mtaa fulani huko alipokea simu ya watu wa ubalozini akaogopa akasema hajui lolote, baada ya hapo kila mtu akaanza kusema kuna kesi. Hakukuwa na kesi. Walikuwa wanauliza tu mtoto alikutwa lini na wapi. Kama unaishi sehemu ambayo mtoto kama huyu alitokea na ukapigiwa simu, sema unachokijua, ukikaa kimya unadhani unamlinda kumbe unamchelewesha.

Nimeulizwa mara mia, kwani wasichukue tu viza ya kutembea, wakifika huko watajuana mbele kwa mbele? Viza ya kutembea ni ya mtu anayeenda na kurudi. Afisa wa viza kazi yake kubwa ni kuangalia kama utarudi, na huyu mtoto kila karatasi yake inapiga kelele kwamba anaenda kukaa moja kwa moja. Kumuombea hiyo viza ni kusema uongo kwa niaba ya mtoto wa miaka minne na uongo huo utamfuata kwenye faili. Viza yake ni ya uhamiaji, ni safari nyingine na ndefu.

Afya nayo. Mtoto anapimwa na daktari aliyeteuliwa na ubalozi, haijalishi hospitali ya hapa wamempima vizuri kiasi gani majibu yao hayahesabiki, na kutoka Kigoma mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli na mtoto mgongoni. Kinachochelewesha wengi ni kifua kikuu. Kwa nchi kama yetu ambayo ugonjwa huo upo kwa wingi, kuanzia miaka 2 mtoto anapimwa damu ya TB, ikionyesha dalili anapigwa eksirei, eksirei ikiwa na wasiwasi yanachukuliwa makohozi mara tatu na kuoteshwa maabara. Hawa vijidudu wanaota polepole mno, ni wiki 6 mpaka 8 ndio unaambiwa wapo au hawapo. Hapo hakuna wa kumhonga wala wa kumpigia simu, ni kama kusubiri mbegu. Na mtoto mdogo hajui kukohoa makohozi ukimwambia, anameza, inabidi yatolewe tumboni kwa mrija asubuhi kabla hajala, mama yake aliniambia hiyo ndio siku pekee aliyotamani angekuwa mtu mwingine amemshika.

Wa kwetu alitoka salama, hana TB. Picha ndio zilimsumbua, ya kwanza kapigwa nyuma ya bluu kumbe ya viza ya Marekani inatakiwa nyuma iwe nyeupe, karudishwa studio, kakataa kufumba mdomo mpaka mpiga picha akamwahidi pipi.

Na mlango wa pili nao unaweza kujifunga, sio wa tatu tu. Ng'ambo ya ziwa hapo, Kongo, Septemba 2013 serikali yao ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni. Kuna wazazi walikuwa wana hukumu, wana pasipoti, wengine na viza ya kwao imeshagongwa, kilichobaki ni karatasi ya uhamiaji ya Kinshasa na haikutoka. Baadhi wakahamia Kinshasa kabisa kukaa na watoto wao, wengine wakawa wanalea kwa simu na kutuma hela ya maziwa, mpaka mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 ndipo wengi wakaruhusiwa. Mtoto aliyeachwa ana mwaka mmoja aliondoka ana miaka mitatu na zaidi. Nikiwaza hilo miezi yetu hii naona si kitu, ingawa sithubutu kumwambia mama mwenyewe.

Serikali zinapata wapi ukali huu? Zimeumwa na nyoka. Oktoba 2007 kule Chad, kundi la Wafaransa lilikamatwa likitaka kuwapandisha ndege watoto 103, wakasema ni yatima wa Darfur, Sudan, wanawaokoa. Walipochunguzwa wengi hawakuwa yatima, walikuwa na wazazi vijijini, na wengi hata Darfur hawakutoka, walikuwa Wachadi. Wazazi walikuwa wameambiwa watoto wanapelekwa shule. Miaka miwili na kidogo baadae Haiti, mara baada ya tetemeko la Januari 2010, Wamarekani kumi wakakamatwa na watoto 33 wakielekea mpakani, tena ikaonekana watoto wana wazazi. Kwahiyo yule mzee wangu wa figo sio mjinga, hofu yake ina mzazi wake. Alichokosea ni kudhani kusubiri ndio dalili ya wizi. Wale wa Chad hawakusubiri, walikuwa na haraka na ndege ya kukodi.

Na hili la makambi niliseme maana mkoa wetu una Nyarugusu na Nduta na kila siku nasikia mtu anasema "kule watoto wapo kibao si wachukue kule". Mtoto aliyepotezana na wazazi vitani hahesabiwi yatima mpaka watafutwe kwelikweli, kuna watu kazi yao ni kutafuta, wanazunguka na picha na majina ya vijiji, na muda wanaopewa kwa kawaida hauwi chini ya miaka miwili. Mama aliyekimbilia upande mwingine anaweza kuwa anamtafuta huyohuyo mtoto.

Sasa swali la mama wa genge, ambalo kwangu ndio swali zuri kuliko yote. Aliniuliza, kama wanajua itachukua miezi, kwanini mtoto asingebaki kituoni na wenzie mpaka viza itoke, wamchukue siku ya safari, kuliko kumtesa mama peke yake kwenye nyumba ya kupanga?

Jibu nimeliona kwa macho. Wiki za kwanza yule binti alikuwa anamwita kila mwanamke mama. Mimi mama, muuza dagaa mama, mwanafunzi wa sekondari anayepita mama. Watu walikuwa wanafurahi, jamani kachangamfu! Mama yake hakufurahi, na mimi sikuelewa mpaka aliponieleza kwamba mtoto anayemwita kila mtu mama ni mtoto ambaye hana mmoja, amezoea walezi wanaobadilika zamu, asubuhi huyu jioni yule. Usiku alikuwa anaweka kipande cha mkate chini ya mto. Siku nabadilisha nao shuka nilikuta vipande vinne vimekauka kama matofali na sisimizi wamepiga foleni. Nikataka kuvitupa mama akanishika mkono, akaviacha, akaanza kila jioni kumpa yeye mwenyewe mkate mmoja wa kulala nao kwenye kibakuli chenye mfuniko. Ikaenda hivyo, miezi. Siku moja kibakuli kikalala mezani na hakuna aliyekikumbuka.

Na siku hizi akianguka uani akaumia goti, mimi nipo hatua mbili, ananipita analia na goti lake mpaka ndani kwa mama yake. Niliumia kidogo, nisiseme uongo.

Kitu kile hakifanyiki kwenye ndege. Fikiria mtoto aliyezoea ugali na dagaa, Kiswahili na Kiha, kelele za wenzie thelathini, unamtoa kituoni leo na kesho yake yupo kwenye nyumba yenye baridi, chakula hakijui, lugha haijui, na mtu anayemshika ni mgeni. Huku Mwanga kila kitu kingine alikuwa anakijua, kigeni kilikuwa ni mama peke yake, kwahiyo akajifunza kitu kimoja kwa wakati. Kiingereza amekipatia kwenye beseni la kuoga. Na mama nae kajifunza, anasuka twende kilioni zimenyooka kuliko zangu, na akisema "we mtoto" majirani wanageuka kuangalia ni nani wa huku kaongea.

Kusubiri kuna bei yake vilevile, kodi, nauli, kibali cha kuishi cha mama ambacho nacho kina tarehe, mume anaamka usiku wa manane kwao ili amwone mtoto kwenye simu kabla hajaenda shule. Na mimi nikiruhusiwa kulaumu nalaumu hivi: wakague wanavyotaka, ila wampe mtu tarehe. Meseji ya "ombi lako linashughulikiwa" ikija mara ya sita haina tofauti na kutojibiwa.

Kuna njia nyingine, wanaoitumia ni wale wenye kazi zao huku: ukikaa na mtoto miaka 2 chini ya paa moja ukiwa na ulezi wa kisheria, Wamarekani wanaweza kumwombea kama mtoto wa kawaida wa raia, habari ya yatima haiulizwi tena. Kwahiyo ukimwona mzungu kaasili na yupo tu anaishi, hana haraka, pengine anahesabu hiyo miaka.

Huyu wa kwangu viza ikitoka, kwa sababu kesi imeisha kamili huku, binti anakuwa raia wa Marekani pale pale anapoingia na kugongewa muhuri, sheria yao inayosema hivyo ilianza kufanya kazi Februari 2001. Kabla ya hapo haikuwa inakuja yenyewe, kuna watoto walioasiliwa wakakulia kule, wazazi hawakumalizia karatasi, waliokuwa wameshapita miaka 18 sheria mpya haikuwagusa, na wapo waliokuja kufukuzwa nchini wakiwa watu wazima wenye familia, wanarudishwa nchi ambayo hawajui hata lugha yake. Na Utanzania wake? Anaondoka na pasipoti yetu. Ila nchi yetu hairuhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili, kwahiyo akikua swali hilo litamkuta na atalijibu mwenyewe.

Mzee wa figo nimemweleza yote haya kwenye benchi la duka, karibu saa nzima. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwahiyo hata mkiwa na karatasi zote hizo mnasubiri mtu mmoja tu huko aseme ndio?" Nikamwambia ndio hivyo mzee wangu. Akatikisa kichwa, jioni akaleta mapera kwenye mfuko wa plastiki, akasema ya mtoto.

Mpaka naandika hapa bado hawajaitwa kwenye intavyuu. Begi lipo palepale mlangoni, ila ndani limebaki tupu, nguo zote alizopangiwa binti kazitoa moja moja kavaa, nyingine zimeshambana mabegani. Sasa hivi ndio kitanda cha mwanasesere wake, usiku analifunika na kanga yangu.